Kifurushi Kutoka Ng'ambo: Namna ya Kukadiria, Kulipa na Kuhoji Ushuru wa Forodha Kenya

Niliagiza vitabu kumi na viwili vya kukata mitindo ya nguo kutoka Uingereza. Nikalipia vitabu, nikalipia na nauli ya ndege, nikatulia nikidhani kazi imekwisha. Siku ya tisa kampuni iliyoleta mzigo ikanitumia kadirio la ushuru kwenye simu, na kima chake kilinikausha koo. Nilikuwa nishafungua M-Pesa nilipe yaishe. Jirani yetu mmoja hapa Mombasa, mzee aliyegomboa mizigo bandarini Kilindini miaka mingi, alikuwa barazani. Akaichukua simu, akaisoma polepole, kisha akaniuliza, "Mwanangu, umeagiza vitabu au madaftari?"

"Vitabu, mzee wangu."

"Basi hapa wameandika madaftari."

Ilikuwa kweli. Muuzaji alijaza fomu mbiombio, akaandika neno la jumla la vifaa vya karatasi. Katika Afrika Mashariki vitabu vilivyochapishwa vina ushuru wa forodha wa asilimia sufuri, na madaftari yanatozwa. Nilituma ankara (ile invoisi ya muuzaji) na picha za majalada, kadirio likafanywa upya, nikabakiwa na VAT (kodi ya ongezeko la thamani) na tozo mbili ndogo.

Siku hiyo nilielewa kuwa ushuru wa kifurushi hauamuliwi siku ya kulipa. Unaamuliwa na maneno na tarakimu zilizoandikwa kwenye karatasi kabla mzigo haujaondoka kwa muuzaji. Afisa wa forodha hakujui, na aghalabu hatakuona. Anachokiona ni ile karatasi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu ni ya mambo ya kufanya kabla ya kubonyeza kitufe cha kununua, na sehemu ya kulipa yenyewe ni fupi.

Mifano yote ni ya Kenya, kwa viwango vilivyofuata mabadiliko ya Desemba 2024. Wenzetu wa Tanzania, Uganda na Rwanda mtaitumia njia ileile, kwa kuwa jedwali la ushuru wa forodha ni moja la Jumuiya nzima ya Afrika Mashariki, ila VAT kwenu ni asilimia 18 na tozo ndogondogo zina majina na viwango vyake.

Hatua ya 1: Hakikisha kitu chenyewe kinaruhusiwa kuingia

Hili wengi hulikumbuka baada ya pesa kutoka. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 ina orodha mbili: vitu vilivyopigwa marufuku kabisa, na vitu vinavyoingia kwa kibali tu. Kwenye marufuku kumo sabuni na vipodozi vyenye zebaki, na Kenya imekataza pia vile vyenye haidrokwinoni, yaani dawa nyingi za kujichubua zinazouzwa mitandaoni kwa majina mazuri. Dada zangu, nawasihi: mzigo wa namna hiyo ukikamatwa hakuna ushuru wa kulipa ukauokoa, na ukipenya madhara yake utayabeba kwenye ngozi yako. Kenya nayo imepiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tangu Agosti 2017.

Vya kibali ni vingi kuliko watu wanavyodhani. Dawa za binadamu zinapita kwa Bodi ya Famasia na Sumu. Mbegu, miche na hata udongo ni mambo ya KEPHIS, wakaguzi wa afya ya mimea. Droni inataka ruhusa ya mamlaka ya usafiri wa anga, na redio za mawasiliano zinahitaji idhini ya Mamlaka ya Mawasiliano. Ukiagiza bidhaa nyingi za kuuza, kuna pia KEBS, shirika la viwango, ambao tangu mwaka 2005 wana utaratibu wa bidhaa kukaguliwa hukohuko zinakotoka na kupewa cheti cha ubora kabla ya kupakiwa. Omba kibali kwanza, kisha uagize. Ukigeuza mpangilio huo, mzigo utalala ghalani ukilipiwa kodi ya siku huku wewe ukizunguka maofisini.

Hatua ya 2: Tafuta msimbo wa bidhaa

Kila bidhaa duniani ina namba yake ya forodha, inayoitwa msimbo wa HS. Tarakimu sita za mwanzo ni zilezile kila nchi, na Afrika Mashariki huongeza mbili zikawa nane. Namba hiyo ndiyo inayobeba kiwango cha ushuru. Vitabu vilivyochapishwa vinaanza na 4901, kompyuta 8471, na nguo zimo katika sura ya 61 na ya 62: ya 61 ni za kufumwa kama fulana, ya 62 ni za kitambaa cha kushonwa.

Jedwali la ushuru wa pamoja linapatikana bure kwenye tovuti ya KRA, yaani Mamlaka ya Mapato ya Kenya, na ya Jumuiya. Ni kitabu kinene, lakini usitishike. Fungua faili, tafuta jina la kitu kwa Kiingereza, soma mstari wake hadi safu ya kiwango. Kuanzia tarehe 1 Julai 2022 kuna madaraja manne:

- asilimia 0, kwa malighafi, mitambo ya uzalishaji na baadhi ya vitu kama vitabu na kompyuta;
- asilimia 10, kwa vitu ambavyo bado vitaendelea kutengenezwa;
- asilimia 25, kwa bidhaa nyingi zilizokamilika;
- asilimia 35, kwa bidhaa zilizokamilika ambazo Jumuiya inaona zinatosha kutengenezwa hapa kwetu: nguo, bidhaa za ngozi, fanicha, kofia, vyombo vya kauri, rangi za nyumba na nyinginezo.

Nje ya madaraja hayo kuna orodha ya bidhaa nyeti, kama mchele na sukari, zenye viwango vya juu zaidi. Halafu kila mwaka nchi huomba kuachiwa zitoze tofauti kwa baadhi ya bidhaa, na mabadiliko hayo hutangazwa katika gazeti rasmi la Jumuiya na kuanza Julai 1. Ndiyo maana mtu aliyeagiza Mei na mwenzake aliyeagiza Agosti wanaweza kulipa tofauti kwa kitu kilekile, na wote wawili wasiwe wameonewa. Ukiagiza karibu na mwisho wa Juni, hesabu tarehe ambayo mzigo utafika.

Andika namba uliyoipata kwenye karatasi. Utaihitaji mara tatu: kwenye hesabu, kwa muuzaji, na siku ya kuhoji.

Hatua ya 3: Piga hesabu mwenyewe

Hapa ndipo pa kutulia. Watu husema "ushuru" kana kwamba ni kitu kimoja, na kumbe ni tabaka kadhaa, kila moja ikikalia nyenzake.

Ya kwanza ni ushuru wa forodha wenyewe, kwa kile kiwango cha jedwali. Ya pili, kwa baadhi ya vitu tu, ni ushuru wa bidhaa, yaani excise. Simu za mkononi kutoka nje, kwa mfano, ziliwekewa asilimia 10 na Sheria ya Fedha ya 2022, na kuanzia Januari 2025 mwenye kuziingiza anatakiwa kutangaza namba za IMEI, zile za kutambulisha kila simu. Ya tatu ni VAT, asilimia 16. Ya nne ni ada ya tamko la uingizaji, ambayo karatasi zote huiita IDF, asilimia 2.5. Ya tano ni tozo ya maendeleo ya reli, RDL, iliyoanzishwa mwaka 2013 kuchangia reli ya SGR kutoka Mombasa. Ilipandishwa kutoka asilimia 1.5 hadi 2 mwishoni mwa Desemba 2024.

Msingi wa yote ni thamani ya forodha. Kwa mzigo wa meli, thamani hiyo ni bei ya kitu, nauli na bima mpaka bandarini. Kwa mzigo wa ndege kuna jambo ambalo natamani kila mwagizaji alijue: jedwali la nne la sheria ya forodha ya Jumuiya linasema wazi kwamba bidhaa zikija kwa ndege, nauli haiongezwi kwenye bei. Ushuru wa forodha wa kifurushi cha ndege hukokotolewa kwa bei ya kitu na bima yake. VAT ndiyo inayoirudisha nauli, kwa sababu Sheria ya VAT ya Kenya inataka gharama za kukileta kitu nchini zijumlishwe kabla ya kuitoza.

Tuchukue gauni. Bei dola 80, nauli ya ndege dola 25, bima hakuna. Tuseme dola ni shilingi 130. Kiwango halisi ni kile cha KRA, si cha duka la kubadilisha fedha.

Thamani ya forodha: 80 × 130 = shilingi 10,400.
Ushuru wa forodha, asilimia 35: 3,640.
IDF, asilimia 2.5 ya 10,400: 260.
RDL, asilimia 2 ya 10,400: 208.
VAT: jumlisha 10,400, nauli 3,250 na ushuru 3,640, upate 17,290, asilimia 16 yake ni 2,766.40.

Jumla ni shilingi 6,874.40. Gauni la shilingi 10,400 limeomba karibu shilingi 7,000 za serikali, na nauli juu yake. Sasa angalia nauli ikijumlishwa kimakosa tangu mwanzo. Thamani inakuwa 13,650, ushuru 4,777.50, IDF 341.25, RDL 273 na VAT 2,948.40, jumla shilingi 8,340.15. Tofauti ni shilingi 1,465.75 kwa gauni moja. Kwa mwenye duka anayeleta magauni arubaini, hiyo ni kodi ya chumba.

Rudia hesabu hiyohiyo kwa vitabu vya bei hiyohiyo. Ushuru wa forodha ni sufuri, IDF 260, RDL 208, na VAT ni asilimia 16 ya 13,650, yaani 2,184. Jumla 2,652. Bei ni ileile na ndege ni ileile, lakini namba ya HS imebadilisha mzigo wote.

Kiasi utakachokipata kiandike, kisha jiulize kwa moyo mweupe: kitu hiki, kwa bei hii kamili, bado nakitaka? Mara nyingi fundi wa mtaani atakushonea gauni zuri kuliko lile la pichani na pesa ikabaki. Hilo nalisema kama fundi, na nalisema kwa dhati.

Hatua ya 4: Chagua njia ya kuleta

*Posta.* Kwa kitu kidogo kisicho na haraka, posta ni njia nzuri na watu wanaidharau bure. Muuzaji hubandika fomu ya CN22, au CN23 kwa kifurushi cha thamani kubwa. Namba ya kufuatilia ina herufi mbili, tarakimu tisa na herufi mbili za nchi, mfano CN kwa China au GB kwa Uingereza. Mzigo ukifika unapata taarifa, unakwenda na kitambulisho, kifurushi kinafunguliwa mbele yako, afisa wa forodha anakadiria, unalipa, unaondoka nacho. Uzuri wake ni kwamba mnaonana ana kwa ana, na mnaweza kuelewana papo hapo. Andika sanduku lako la posta na namba ya simu kwa ukamilifu, kwani anwani ya mtaa peke yake haitakufikishia kitu.

*Kampuni za kusafirisha vifurushi*, kama DHL, FedEx, UPS na Aramex. Hizi hutoa tamko la forodha kwa niaba yako, mara nyingi huilipia serikali kwanza kisha wakakudai wewe, na huongeza ada yao ya huduma. Ni njia ya haraka na karatasi zake zimenyooka. Tahadhari yake ni uzito wa ujazo: wanapima urefu, upana na kimo kwa sentimita, wanazidisha, wanagawa kwa 5,000. Boksi la 50 kwa 40 kwa 30 linahesabiwa kilo 12 hata kama ndani mna kofia tupu. Mwombe muuzaji apunguze boksi.

*Wakusanya mizigo.* Hawa ndio wanaotumiwa sana na wafanyabiashara wadogo wa Kamukunji na Eastleigh kule Nairobi, na hapa Mombasa. Wana ghala Guangzhou, Dubai au London. Unamwelekeza muuzaji apeleke huko, wao wanajumuisha mizigo ya watu wengi, na wewe unalipa kwa kilo au kwa ujazo, "ushuru ndani". Bei yao ni nafuu kweli. Lakini kabla hujawapa mzigo, waulize maswali haya na uyasikilize majibu: Tamko la forodha litaandikwa jina la nani? Nitapewa nakala? Mzigo ukishikiliwa, nani ataulipia? Tamko likiwa kwa jina la mtu mwingine na wewe huna hata karatasi, basi kisheria huna ushahidi kwamba bidhaa zilizo dukani mwako zimelipiwa ushuru. Siku ya ukaguzi, maneno ya "nililipa kwa kilo" hayatakusaidia.

*Wakala wa forodha.* Kwa kontena, gari, mashine au shehena ya biashara, tafuta wakala mwenye leseni. Leseni hizo humalizika kila Desemba 31, kwa hiyo aliyekuwa nayo mwaka jana si lazima awe nayo leo. Orodha ya wenye leseni huwekwa na KRA; hakikisha jina kabla hujatoa hati.

Neno moja kuhusu masharti ya bei. Muuzaji akiandika DDP, amekubali kulipa ushuru yeye hadi mlangoni pako. Akiandika DAP, ushuru ni wako. Maduka mengine makubwa ya mtandaoni hukutoza amana ya ushuru wakati wa kununua. Ukishalipa hiyo na bado ukaletewa kadirio jingine, usilipe mara mbili. Tuma risiti ya amana kwanza.

Hatua ya 5: Mwambie muuzaji aandike nini

Mwandikie ujumbe kabla hajafunga boksi. Mimi humwandikia mambo haya: jina halisi la kitu na kilivyotengenezwa ("gauni la kike la pamba, la kushonwa", si "vitu vya mtindo"), idadi, bei ya kila kimoja, sarafu, nchi kilikotengenezwa, namba ya HS yenye tarakimu sita, na kama kuna punguzo, lionekane kwenye ankara. Punguzo lina maana. Forodha hutumia bei uliyolipa kweli, na kama ulikata dola kumi kwa kuponi, ankara isiyoionyesha itakutoza kwa bei ya zamani. Mwambie pia abandike ankara nje ya boksi, ndani ya bahasha angavu, na akutumie nakala.

Wauzaji wengine, wa China hasa, watajitolea wenyewe "kukusaidia" kwa kuandika dola 5 badala ya 80, au kuandika zawadi. Kataa. Sheria ya forodha ya Jumuiya, kifungu cha 203, inaweka kifungo kisichozidi miaka mitatu au faini isiyozidi dola 10,000 kwa tamko la uongo, na anayebeba jina la mwagizaji ni wewe, yule muuzaji yuko kwake. Tena maafisa huingia kwenye tovuti zilezile unazonunulia, bei wanaiona. Wakiishuku ankara watadai ushahidi wa malipo, na ukiukosa wataacha bei yako, watafuata njia nyingine za kukadiria, wakianza na bei ya bidhaa zinazofanana kabisa na yako. Neno "zawadi" nalo haliifuti thamani ya kitu.

Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wazee. Fungua folda moja kwenye simu kwa kila agizo: ukurasa wa bidhaa, ankara, ujumbe wa malipo wa benki au M-Pesa, mazungumzo na muuzaji, namba ya kufuatilia. Chukua picha za ukurasa siku ileile, kwa sababu bei hubadilika na kurasa hufutwa.

Hatua ya 6: Weka PIN yako tayari

Ugomboaji wa mzigo Kenya unataka PIN ya KRA, yaani namba yako ya mlipa kodi. Kama huna, itoe kwenye iTax, mfumo wa KRA wa mtandaoni, mapema. Kama unayo, hakikisha jina kwenye agizo linalingana na jina la PIN. Tofauti ndogo, kama kuagiza kwa jina la utani au la ndoa, huchelewesha mzigo siku kadhaa bila sababu nyingine yoyote. Kama ni mzigo wa biashara yenye PIN yake, tumia hiyo.

Hatua ya 7: Lisome kadirio kabla ya kulilipa

Ujumbe ukija, omba karatasi nzima ya tamko, usikubali jumla peke yake. Kisha iweke pembeni ya hesabu yako na uangalie mistari minne.

Namba ya HS: ni ya kitu chako? Hapo ndipo vitabu vyangu vilipogeuka madaftari.

Thamani: ni bei uliyolipa? Kama mzigo ulikuja kwa ndege, nauli imeingizwa kwenye ushuru wa forodha?

Kiwango cha kubadilisha fedha: ni cha KRA?

Ada za kampuni: zimetengwa na pesa za serikali? Hili la mwisho linachanganya watu wengi. Ada ya kutoa tamko, ya kukulipia mapema, ya ghala, hizo ni bei za huduma za kampuni, na unaweza kuzihoji kwao moja kwa moja. Serikali haina mkono humo.

Kosa likionekana, jibu siku hiyohiyo kwa barua pepe, kwa adabu na kwa tarakimu. Mimi niliandika sentensi tatu tu: kitu ni vitabu vilivyochapishwa, namba yake ni 4901, ankara na picha nimeambatisha, naomba tamko lirekebishwe kabla ya malipo. Haikuwa lazima nipandishe sauti. Kurekebisha kabla ya kulipa huchukua siku moja au mbili. Kudai pesa iliyokwishaingia serikalini ni safari ndefu.

Usikae kimya pia. Sheria inataka mzigo utolewe tamko ndani ya siku 21 tangu kuanza kushushwa, na usiposhughulikiwa huhamishiwa ghala la forodha, kisha unaweza kutangazwa na kupigwa mnada. Gharama za ghala nazo zinapanda kila siku unapofikiria.

Hatua ya 8: Lipa, lakini kwa njia inayoacha alama

Kama tamko limetolewa kwa jina lako, mfumo wa forodha hutoa hati yenye namba ya malipo, PRN. Unaipeleka benki, au unalipa kwa M-Pesa kupitia paybill ya serikali 222222, ukiweka ile PRN kwenye sehemu ya akaunti. Soma jina linalojitokeza kabla ya kuweka namba ya siri. Kampuni ikiwa ndiyo imekulipia, unailipa kampuni kwenye akaunti yake rasmi, na unadai vitu viwili: risiti yao na nakala ya tamko inayoonyesha kiasi kilichokwenda KRA.

Ushuru wa serikali haulipwi kwa namba ya simu ya mtu binafsi. Siku hizi kuna ujumbe wa kutapeli: "kifurushi chako kimekwama forodha, tuma shilingi 350 kiachiliwe", na kiungo cha kubonyeza. Wengine huja kwa njia ya mapenzi, rafiki wa mtandaoni aliyedai kutuma dhahabu na simu, kisha "afisa" anapiga akitaka pesa, na ukituma, kesho anataka nyingine. Nimemwona mama mtu mzima akilia kwa hilo, na alikuwa ameuza mbuzi. Ukipata ujumbe wowote, usibonyeze kiungo. Fungua tovuti ya kampuni mwenyewe, andika namba yako ya kufuatilia. Kama hukuagiza kitu, hakuna kifurushi.

Hati zihifadhi kwa miaka mitano. Ndani ya muda huo forodha wana haki ya kukutaka uzionyeshe.

Hatua ya 9: Kama bado hukubaliani

Wakati mwingine utaeleza na hutasikilizwa, au mzigo unahitajika haraka ukalipa huku roho inauma. Njia bado ipo. Kifungu cha 229 cha sheria ileile ya Jumuiya kinakupa siku 30 tangu ulipopata uamuzi kumwandikia Kamishna uombe upitiwe upya. Naye ana siku 30 za kukujibu kwa maandishi pamoja na sababu, na asipojibu ndani ya muda huo, sheria inahesabu ombi lako limekubaliwa. Akikukatalia, una siku 45 za kwenda kwenye Baraza la Rufaa za Kodi. Kwa ushuru uliolipwa kimakosa, maombi ya kurudishiwa hupelekwa ndani ya miezi 12 tangu tarehe ya malipo.

Barua isiwe ndefu. Namba ya tamko, tarehe ya uamuzi, mstari unaoupinga, kiwango unachoamini ni sahihi na sababu yake, viambatisho. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na urudi nayo nyumbani. Bila ule muhuri, zile siku 30 huna pa kuanzia kuzihesabu.